Mtazame fundi kabla hajafungua maji

Swali: "Shikamoo fundi. Nyumba yetu haijaoshwa nje tangu ilipopakwa rangi, miaka tisa sasa. Ukuta wa nyuma, usiopata jua, umeshika weusi kuanzia chini ya dirisha hadi ardhini. Ule wa mbele nikiupapasa mkono unatoka na unga. Nimeita mafundi wawili. Wa kwanza ana mashine kubwa, anasema atapiga presha nyumba nzima na kufikia saa sita mchana atakuwa amemaliza. Wa pili anasema atatumia dawa na maji ya nguvu ndogo, na bei yake iko juu. Nimchukue yupi, na siku hiyo nitegemee kuona nini?"

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na huo mkono wenye unga, maana ndiyo habari kubwa kwenye barua yako na naona umeitaja kwa kupita tu. Rangi ya ukutani ni chembe za rangi zilizochanganywa na kitu cha kuzishikanisha, tuseme gundi. Jua likiipiga ile gundi mwaka baada ya mwaka huchakaa, na chembe hubaki zimekaa juu ya ukuta bila wa kuzishika. Ukipapasa, zinahamia mkononi. Kwa hiyo huo unga si vumbi lililoletwa na upepo. Ni rangi yenu inayoondoka.

Mpe ukuta huo mtu mwenye mashine kali. Unga utatoka, ila hautatoka sawasawa. Pale mkono wake ulipokawia utatoka mwingi, pale ulipopita haraka utabaki. Ukuta ukiwa bado umelowa hutaona kitu. Utamlipa na mtaagana vizuri. Kesho yake ukikauka utaona mistari ya upinde upinde, kama uwanja uliofagiwa asubuhi. Mistari hiyo haitoki kwa kuosha mara ya pili, inatoka kwa rangi mpya. Hapo ndipo fundi na mwenye nyumba hugombana, na kila mmoja ana haki yake, kwa sababu mwenye nyumba alisema "osha" na fundi kaosha.

Ndiyo maana swali la kwanza ambalo fundi anapaswa kukuuliza ni hili: mnaosha ili muendelee kuishi na rangi hii, au mnaosha ili mpake nyingine? Kama ni kupaka, unga lazima utoke wote, na mara nyingi maji peke yake hayatoshi, inabidi ukuta usuguliwe kwa brashi ndefu yenye sabuni. Rangi mpya ikiwekwa juu ya unga itashika unga, haitashika ukuta, na baada ya muda itabanduka kama ganda la muwa. Kama ni kuishi nayo, aoshe taratibu kwa mkono wa mwendo mmoja, nawe ukubali mapema kwamba ukuta wa mbele utabaki umepauka, pengine na vivuli vivuli. Muulize kila mmoja wa hao mafundi wako wawili kama ameupapasa ukuta wa mbele. Jibu la swali hilo litakusaidia kuchagua kuliko bei zao.

Sasa weusi wa nyuma. Ule, kwa jinsi ulivyoueleza, karibu hakika ni kitu hai: koga au mwani, viumbe vidogo vinavyopenda kivuli na unyevu. Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Chukua ile dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe, ichanganye na maji kidogo kwenye kikombe cha zamani, chovya kijiti chenye pamba, gusa doa moja jeusi mahali pa kujificha, kisha subiri dakika moja au mbili. Doa likififia, ni koga. Lisipobadilika, ni masizi, vumbi au kitu kingine, na hapo kazi ni ya sabuni na brashi.

Kama ni kitu hai, nguvu ya maji haiimalizi shida. Mashine itakwangua kile kinachoonekana juu na kuacha kilichojificha kwenye vitundu vya plasta, nacho baada ya mvua chache kitaanza upya. Kinachoua ni dawa na muda wa kuiacha ifanye kazi. Huo ndio msingi wa fundi wako wa pili, na ndiyo sababu bei yake haifanani na ya mwenzake: ananunua dawa, anatumia saa nzima kufunika na kulowesha vitu, na kuna dakika nyingi atakapokuwa amesimama tu anautazama ukuta. Usimhesabie dakika hizo kama uvivu.

Fundi wa kwanza si mwongo, nisimwonee. Mashine yake ina mahali pake. Sakafu ya zege, vitofali vya uani, ngazi za mawe, huko presha inafaa, hasa ikifungwa ile sahani ya duara yenye midomo inayozunguka chini yake, ambayo haiachi michirizi. Zege lenye mafuta ya gari linataka na maji ya moto juu yake. Ukuta wenye rangi ni habari nyingine. Presha hupimwa kwa baa, na bomba la kawaida la nyumbani hutoa maji kwa baa 3 hadi 5 hivi. Mashine za umeme za kawaida hufika baa 100 na kitu, na zile kubwa za injini huvuka 200. Hapo ndipo maji yanapochimba mshipa wa mbao, yanang'oa saruji iliyochoka kati ya matofali, na kupasua silikoni iliyozeeka pembeni mwa dirisha.

Kuna jambo moja ambalo watu hawalifikirii. Nyumba hujengwa kwa ajili ya mvua inayoanguka. Vigae, mabati, mbao za ukutani, vyote hulaliana kutoka juu kuja chini kama magamba ya samaki. Mtu akisimama chini akaelekeza bomba juu kwa nguvu, anapiga magamba kinyume. Maji yanapanda nyuma ya mbao, yanaingia kwenye upenu, na wewe utayaona wiki mbili baadaye yakiwa doa la kahawia kwenye dari ya chumbani, wakati huo ukilaumu paa.

Akija na mashine, angalia kile kimdomo anachofunga mbele ya bomba. Karibu kote vina rangi zilezile. Chekundu hutoa maji yaliyokusanyika kama msumari, nyuzi 0, yaani pembe ambayo maji hutanukia ni sifuri. Cha njano ni nyuzi 15, cha kijani 25, cheupe 40, na cheusi ni cha kumwagia sabuni. Ukutani kwako hutaki kuona chekundu. Mimi nilipokuwa kijana kwenye kazi hii nilikitumia chekundu kuondoa tope kwenye mlango wa mbao wa mteja. Tope lilitoka, na jina langu likabaki pale kwa namna ya mfereji mwembamba kutoka kwenye kitasa hadi karibu na bawaba. Niliulipa mlango ule.

Siku yenyewe ikifika, saa ya kwanza haina maji. Fundi anayejua kazi huzunguka nyumba pamoja nawe, anapiga picha mipasuko na rangi iliyobanduka, ili baadaye msibishane ni nini kilikuwepo. Anahakikisha kila dirisha limefungwa na kitasa kimekaza. Soketi za nje, kengele ya mlangoni na taa anazifunga kwa nailoni na gundi ya utepe, na atakuomba uzime umeme wa nje kwenye swichi kuu. Wewe kwa upande wako ondoa nguo kambani, viti, vyungu vya maua, gari na vyombo vya kuku au mbwa. Wanyama na watoto wakae ndani, au wakatembelee kwa bibi.

Kisha mimea. Dawa inayotumika karibu kila mahali ni sodiamu haipokloraiti, yaani klorini ya maji, ndugu wa ile ya nguo ila yenye nguvu zaidi. Inaunguza majani. Kinga yake ni maji mengi: mimea na udongo wake viloweshwe kabla, viloweshwe wakati kazi inaendelea, na visuuzwe tena mwisho. Mmea ulioshiba maji safi haunywi dawa kwa pupa. Kuufunika kwa nailoni na kuuacha juani saa nzima ni kuupika, kwa hiyo akifunika, afunike kwa muda mfupi.

Kuhusu kuchanganya, usione aibu kumuuliza ukali wa dawa yake. Mafundi wengi hununua ya 10% hadi 12%. Ukuta wenye rangi unahitaji karibu 1%, au pungufu. Ukichukua lita 1 ya 12% ukaongeza lita 11 za maji, unapata hiyo 1%. Anaongeza sabuni kidogo ili dawa ishike ukutani badala ya kuteremka yote miguuni pake. Akikwambia "mimi namwaga kama ilivyo ili itoke upesi", mshukuru na umwombe arudi nyumbani. Na dawa ya klorini haikai sana. Ikikaa kwenye joto na mwanga nguvu yake inapungua, kwa hiyo dumu lililokaa juani miezi mingi halitafanya kazi iliyoandikwa nje.

Dawa huanzia chini kwenda juu, ili isitiririke juu ya ukuta mkavu na kuacha michirizi. Husubiriwa dakika kumi hivi, upande mmoja kwa wakati, na isiachwe ikauke. Ndiyo maana fundi mzuri hulikimbia jua: asubuhi anaosha upande wa kivuli, mchana anahamia mwingine. Utauona weusi ukigeuka kahawia, kisha ukipotea bila mtu kuugusa. Kusuuza ni kutoka juu kuja chini, kwa maji mengi yasiyo na hasira. Wingi wa maji kwa dakika unasuuza vizuri kuliko ukali wake.

Mambo mawili hayana mjadala. Klorini haichanganywi na asidi, iwe ya kuondolea madoa ya saruji au ya kusafishia choo, wala na amonia. Ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo huharibu mapafu. Ukiona fundi ana madumu mawili tofauti na ndoo moja, muulize. La pili ni ngazi. Bomba la presha lina mateke, na mtu aliyesimama juu ya ngazi akilishika kwa mikono miwili hana cha kujishikilia. Wenye akili huosha wamesimama chini kwa fimbo ndefu, au hujenga jukwaa. Na ikitokea maji ya presha yamempiga mtu kwenye ngozi, hata kama tundu ni dogo kama la sindano na haliumi, aende hospitali saa hiyohiyo na aseme ni mashine ya presha. Maji yale husukuma uchafu ndani sana ya nyama. Mashine ya injini nayo isikae karibu na mlango au dirisha lililo wazi, moshi wake una sumu isiyo na harufu.

Umesema nyumba, hukusema paa, lakini mafundi hupenda kuongeza paa mwishoni kama bashishi, kwa hiyo niseme machache. Paa ni kazi yake peke yake, yenye hesabu yake. Kama ni la mabati, klorini isuuzwe sana maana hula chuma. Kama ni la karatasi za asbesto, lisipigwe presha kabisa, na asipande mtu, kwa sababu nyuzi zake zikiachiwa hewani huleta maradhi ya mapafu. Na kama mnavuna maji ya mvua, bomba linalotoka kwenye gata kwenda kwenye tangi lichomolewe kabla ya tone la kwanza. Nakuambia hili nikiwa na kumbukumbu mbaya. Niliwahi kuosha paa la familia moja, kila kitu kikaenda sawa, nikapongezwa. Jioni nikapigiwa simu: chai inanuka kama maji ya kuogelea. Nilikuwa nimefunika maua ya mlangoni moja moja na kulisahau tangi la lita 5,000. Tulilimwaga lote, tukalisugua ndani, na wenyewe wakanunua maji mpaka mvua iliyofuata. Gharama ilikuwa yangu, aibu pia. Tangu siku hiyo huwa nachomoa bomba la tangi kabla hata sijashusha mashine kwenye gari, na kwa kazi ya ukuta vilevile, kwa sababu dawa hupeperuka.

Kuna madoa ambayo kuosha hakutayatoa, na fundi mkweli atakuonesha kabla. Kutu iliyoteremka kutoka kwenye nondo za dirisha haisikii klorini. Inataka asidi oksaliki, kazi ya siku nyingine, ukuta ukiwa umesuuzwa kabisa. Ule ungaunga mweupe unaotoka kwenye matofali ni chumvi inayoletwa nje na maji yaliyomo ndani ya ukuta. Ukiumwagia maji unayeyuka, unarudi ndani, kisha unatoka tena ukikauka. Huo hupigwa brashi ukiwa mkavu, halafu hutafutwa yanakoingia maji. Vile vigaga vya duara vya kijivu vinavyong'ang'ania mawe hufa kwa dawa lakini hubaki vimeganda wiki nyingi, na vikianguka huacha alama. Usimruhusu avikwangue kwa presha ili tu akufurahishe siku hiyo. Na kama chini ya rangi yenu kuna rangi za zamani sana zinazobanduka, huenda zina madini ya risasi. Presha itazitawanya udongoni wanapochezea watoto. Hapo zipimwe kwanza.

Jioni usiukague ukuta. Ukuta uliolowa unadanganya, kila rangi juu yake inaonekana mpya. Mwambie fundi mapema kwamba mtakagua kesho, ukiwa mkavu, na sehemu ya malipo isubiri hapo. Utakuta vioo vina madoa ya matone. Kusafisha vioo mara nyingi hakumo kwenye bei, kwa hiyo uliza kabla, na jibu liandikwe kwenye makadirio pamoja na upenu, gata na kuta za uani. Harufu ya klorini itakwisha baada ya muda. Maua yaangalie wiki nzima. Kama mtapaka rangi, subirini siku mbili au zaidi za hewa kavu, na plasta inayokunywa maji isubiri zaidi ya hapo.

Weusi utarudi, mwaka ujao au miaka michache ijayo, kutegemea kivuli. Ila hukunieleza kwa nini unaanzia chini ya dirisha na si juu yake. Nenda katazame kingo ya dirisha hilo. Ikiwa imelala kuelekea ukutani, au haina ule mfereji mdogo chini yake wa kuyafanya maji yadondoke, basi kila mvua inaulowesha ukuta uleule. Hilo ni la mwashi, nusu siku tu, nalo litakuokolea dawa nyingi.

Kwa hiyo nimchukue nani? Ningekuwa wewe ningemchukua wa pili kwa kuta, iwapo ameuona ule unga na amekueleza utakuwaje baada ya kazi. Asipouona, mtafute wa tatu. Wa kwanza mwite kwa ajili ya sakafu ya nje, na umwambie asipandishe bomba juu ya msingi. Wote wawili waulize kama wana bima, na nani atalipa kioo kikivunjika.

Kabla hawajaja, chukua ndoo ya lita 20, fungua bomba la nje mpaka mwisho, uhesabu sekunde hadi ijae. Ikijaa ndani ya sekunde 80, mnatoa lita 15 kwa dakika, na mashine nyingi za kazi zitatosheka. Ikichukua dakika tatu, mwambie fundi mapema aje na tangi lake, la sivyo mtashinda mnaisubiri ndoo ijae huku dawa inakaukia ukutani.